Mwaka wa Shule Bila Vitabu

Ndugu wafiwa, wazee wetu na majirani, mimi ni mtoto wa mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Baba Mkubwa, mazuri yake pamoja na yaliyomuuma, maana mwenyewe hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1929, mtoto wa tatu wa seremala, akahitimu ualimu mwaka 1951, mwaka uliofuata akamuoa mwalimu mwenzake, marehemu Mama Mkubwa, na mwaka 1953 wakajaliwa mtoto wao pekee, dada yetu huyu aliyekaa hapa mbele.

Uhuru ulipopatikana aliitwa wizarani kuandika upya masomo ya shule zote za msingi, kazi aliyoifanya bila kumwonea mtu haya, mpaka walimu wakambandika jina la Bwana Futa, nalo alilicheka sana. Aliwajua walimu, akahofia kwamba vitabu vya kikoloni vikibaki kabatini vitaendelea kufundishwa kimyakimya, hivyo Januari 1965 akaagiza vikusanywe vyote, nchi nzima, kabla vipya havijatoka kiwandani, mitambo ya kuchapia ikaharibika, vipya vikachelewa karibu miaka miwili, na watoto wakasoma yale tu ambayo mwalimu aliyakumbuka.

Dada yetu alifanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mwaka 1966, akafeli, na wenzake Baba Mkubwa walipomnong'oneza kuwa nafasi moja ya sekondari haikosi kupatikana, alikataa katakata, akisema watoto wengine waliofeli kwa kosa lake hawakuwa na baba wizarani. Dada akashika cherehani, akaolewa, akalea watoto wanne, na kwa miaka mingi hakukanyaga nyumba ya baba yake, hata mzee alipostaafu mwaka 1984.

Kiharusi kilimpata Baba Mkubwa tarehe 2 Juni 2009, Mama Mkubwa akiwa ameshatangulia, na dada ndiye aliyehamia kumuuguza, akimwogesha na kumlisha. Kila asubuhi mzee, kumbukumbu zikiwa zimemtoka, alimwomba msamaha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, naye akamjibu anywe chai kwanza. Mzee alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Machi 2010, chai ikiwa bado jikoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na walimu wastaafu, hata waliomlaumu kwa vitabu vyao. Dada ameshindwa kusimama, ameniomba niseme kwamba alimsamehe zamani sana, ila alilichelewesha jibu kwa kuogopa kwamba baba akishalipata, hatakuwa na kingine cha kumngojesha hapa duniani.

Baba, umesamehewa, sasa pumzika kwa amani.