Mwalimu Aliyeazima Watoto Ng'ambo

Ndugu waombolezaji, marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mwalimu Daraja, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1960 ng'ambo ya mto, nchi ya pili, mtoto wa tisa kati ya kumi na mmoja, na kule hiyo ilikuwa familia ya kawaida tu, akasoma wakibanana watano kwenye dawati moja, akahitimu ualimu mwaka 1983, Januari iliyofuata akaajiriwa upande wetu huu, akashangaa kukuta kila mtoto ana dawati lake.

Mwaka 1989 alimwoa mshonaji wa kiwanda cha nguo, na kiwandani, wazee mnakumbuka, mwanamke akishika mimba ya pili cherehani yake anapewa mwingine, ndiyo maana huku tukazaliwa mmoja mmoja, nao wakajaliwa binti mmoja, huyu anayewasomea, hadi bibi yake wa ng'ambo akawa anamuuliza marehemu, "Mwanangu, umeoa au umepanga chumba?"

Shule yetu ingefungwa darasa la kwanza likikosa watoto kumi, basi kila Novemba marehemu alivuka daraja, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akina mama wakimtania, "Mwalimu, kwenu hata watoto mnaazima?" naye anawajibu, "Naazima, na siwarudishi mpaka wajue kusoma," akaendelea hivyo hata alipostaafu mwaka 2020, mpaka Januari mwaka huu askari wa geti la darajani walipoanza kudai vibali, watoto hawakuvuka, shule ikafungwa.

Februari moyo ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa hospitali ya wilaya, na siku ya mwisho, tarehe 14 Mei 2023, hakuulizia dawa, alimtazama mjukuu wake wa miezi mitano, mtoto pekee aliyezaliwa mtaani kwetu mwaka mzima, akauliza, "Sasa huyu atasoma na nani?" na bintiye, jamani, mpaka leo akimwangalia mwanawe anaogopa.

Marehemu ameacha mjane, binti na mjukuu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na ndugu zake wa ng'ambo waliozuiwa getini tangu asubuhi, wamejaa kule darajani hata pa kusimama hapatoshi, wakati huku wanaume wa kubeba jeneza hawatimii sita, kwa hiyo wanawake nao watabeba, na bintiye atashika mbele, mtoto mgongoni.

Pumzika kwa amani, Baba, tunakunyanyua sasa, hivi hivi tulivyo wachache.