Mjomba Dezire na Baka Jeupe la Bawa

Hamjambo wasomaji wa jarida letu? Mu wazima huko visiwa vikubwa? Sisi wa kisiwa cha Il Zosefin tunamshukuru Mungu, ila mioyo imelegea. Tarehe 30 Juni Mjomba Dezire Lafortin anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwinda marten.

Marten si ndege wa kwetu. Aliletwa na watu, akazoea, akaanza kutoboa mayai ya pi santez, yule ndege mwimbaji wetu mweusi anayetaga yai moja tu. Mjomba alipoanza kazi, waimbaji walibaki kumi na wawili kisiwa kizima. Leo ni sitini na wanne. Mtego wake ulikuwa na chambo hai: marten mmoja kizimbani, ameshiba wali na papai, anawaita wenzake. Alimpa jina la Meya. Tulipocheka, alituambia, "Chekeni tu. Anaongea mchana kutwa, na kila anayemsikiliza anapotea. Si meya huyo?" Meya alikufa kwa uzee na, Mungu atusamehe, tulimlilia.

Hili linalofuata Mjomba mwenyewe ameniomba niliandike, la sivyo nisiandike chochote. Marten ana baka jeupe bawani. Pi santez naye analo. Mwaka jana, mkesha wa Pentekoste, mvua ikinyunya, aliona weupe ukipita kwenye mti wa mtondoo, akafyatua bunduki. Alikuwa pi santez jike, mwenye pete ya alama mguuni aliyomvisha yeye mwenyewe. Alimleta ofisini kwetu hifadhini ndani ya kofia. "Roliana mwanangu," aliniambia, "macho yangu yamekuwa mashahidi wa uongo."

Dume wake aliimba kwenye mti ule wiki tatu, akingoja kujibiwa. Kila asubuhi Mjomba alikaa chini yake na rozari, mpaka ndege akanyamaza. Bunduki hakuishika tena.

Sasa wamebaki marten wawili tu, kule miamba ya kaskazini. Meneja wa hifadhi alimsihi awamalize yeye, apigwe picha. Akajibu, "Picha hiyo nitaitundika wapi, dume yule asiione?" Bunduki akanikabidhi mimi: "Ukiona weupe, usiamini. Ngoja aseme kwanza."

Asante, Mjomba. Mungu akupe pumziko jema kwa dada yako kisiwani Praslin, na chai isipoe mezani. Wale wawili wakiisha, tutahesabu waimbaji upya, na hapo hatuhitaji macho, tunahitaji masikio yako. Dume yule hajaimba tangu siku zile. Akianza, ni wewe peke yako unayeijua sauti yake. Boti itakufuata. Tafadhali tujibu upesi kama utakuja.