Nani Alisema Imeuma

Ukitaka kujua kila kitu kinachotokea Tunduma, pamoja na ambacho hakijawahi kutokea, kaa kwenye Benchi la Springi. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya springi chakavu za lori, kando ya barabara kuu, pale foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia inapojivuta siku nzima. Leah anauza hapo kahawa ya Mbozi, anaikaanga mwenyewe, chungu kiasi cha kumrudishia mtu akili zake, ingawa kwa wateja wake wa kudumu bado haijafanya kazi. Yupo Damiano, mbadilisha fedha, anaitwa Kwacha. Yupo Osward wa bodaboda, anaitwa Askofu kwa kuwa hana sentensi isiyo na methali, wala hana methali anayoijua maana yake. Na yupo mzee Isaka wa Nanyala, aliyeendesha malori miaka thelathini na moja. Yeye ni Kingpini, jina la kile chuma kifupi kilicho chini ya pua ya tela, ambacho kikishaingia kwenye sahani, lile bamba zito mgongoni mwa kichwa cha lori, ndicho kinachoshikilia safari nzima.

Asubuhi hiyo mada ilikuwa mbele ya macho yao. Foleni ilisogea, lori moja jeupe likasogea nalo, lakini lilisogea kichwa peke yake. Tela ilibaki nyuma, ikapiga magoti katikati ya barabara kama ng'ombe anayejiandaa kulala. Hakuna aliyeumia. Dereva alikuwa anaizunguka, simu sikioni, na nyuma yake honi zilikuwa zimeshaanza.

KWACHA: Hiyo si bure. Wahuni wa foleni wamevuta ule mkono wa kufungulia, dereva kasinzia. Mimi nawajua.

ASKOFU: Haya, wataje.

KWACHA: Nawajua kwa sura.

ASKOFU: Wahenga walisema, kibaya chajitembeza. Umeona mwenyewe, kichwa kimejitembeza, tela imetulia. Kwa hiyo kibovu ni kichwa.

KWACHA: Mwee, kwani tela ndiyo ijiuze?

Askofu alikuwa na nadharia nyingine. Alisema lori lile lilipita Saza wiki iliyopita, na Saza kuna dhahabu, na penye dhahabu chini kuna sumaku, na sumaku hiyo hulegeza chuma chochote kinachofunga, hata kufuli za nyumba. Shemeji yake anaishi huko na mlango wake haujawahi kufungika. Leah akauliza kama shemeji huyo si yule aliyeuza bawaba akanywea pombe. Askofu akasema hayo ni mambo ya familia.

KWACHA: Nyie hamjui mpaka. Hapo tatizo ni karatasi. Kichwa kimeshagongewa mhuri, tela bado. Sasa kichwa kinajiona kiko Zambia, tela inajiona iko Tanzania. Vitaendaje pamoja?

ASKOFU: Hapo umenena. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tela ilikuwa na siku tatu foleni, imeona bora ishuke ikalime.

Wakati wanacheka, mwanamke mmoja alikuja akaketi mwisho wa benchi, akaagiza kahawa. Alivaa ovaroli ya bluu yenye grisi viwikoni, na mfukoni ilichungulia tochi. Lori lake lilikuwa la nne nyuma ya tela iliyoanguka, akasema, kwa hiyo hana haraka na mtu. Alimwamkia mzee Isaka shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akainamia kikombe chake.

LEAH: Sasa mtaalamu aseme. Mudala Kingpini, mzee wetu, imekuwaje pale?

Kingpini alikuwa anaingoja nafasi hiyo tangu kikombe cha kwanza. Alisema pale hakuna mhuri wala sumaku, pale hakuna aliyeteremka kuangalia. Tela ikiachwa imenyanyuka mno kwenye miguu yake, kingpini inapita juu ya meno ya sahani badala ya kuingia katikati yake. Dereva anasikia mgongano, anadhani imefunga. Inaweza kumfuata hivyo hivyo kilometa nyingi, mpaka siku inapokumbuka kwamba haijashikwa na mtu.

Kisha sauti yake ikashuka, maana alikuwa amefika kwenye siku zake. Zamani, alisema, kichwa kilikuwa na watu wawili. Yeye alikuwa na Zabron, Mndali wa Ileje, utingo kwa kazi lakini amemzidi miaka minne kwa umri. Kila Jumamosi Zabron aliikwangua sahani kwa kipande cha ubao, akaiosha kwa dizeli mpaka chuma kikaonekana, kisha akapitisha kiganja taratibu kutafuta ufa, huku anaimba pambio za kwao. Alisema jicho linaweza kudanganya, kiganja hakidanganyi. Alihesabu bolti moja moja kwa kuzigonga na nyundo. Ndipo akapaka grisi mpya, na hakupaka kibahili.

Na siku ya kufunga tela, Isaka alirudi nyuma polepole, tela ikiwa chini kidogo ya sahani ili kichwa chenyewe kiinyanyue. Alifunga breki za tela akavuta mbele kidogo kuijaribu. Zabron aliingia chini na tochi, akatazama kama meno yameshika shingo ya kingpini na kama hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na tela. Isaka alitoa kichwa dirishani akauliza, imeuma? Zabron akajibu, imeuma. Bila neno hilo gurudumu halikuzunguka, hata kama tajiri mwenyewe, mwenye lori, amesimama pale anatazama saa.

"Tulikula sufuria moja miaka tisa," alisema Kingpini. "Sijapata ndugu kama yule. Namkumbuka mno."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na benchi zima lilijua ni kweli. Baada ya hapo ilifuata hadithi ambayo Kwacha na Askofu waliijua kwa moyo, na ambayo Kingpini alikuwa ameisimulia miaka ishirini na sita. Asubuhi ya mvua kubwa, wamepakia mbolea, wanatoka ghalani. Mteremko wa kwanza, tela ikaachia, ikalala ubavu, magunia yakapasuka na mbolea ikayeyuka mtaroni. Tajiri akaja, akauliza nani aliangalia. Mwaka huo huo Zabron alikuwa ameahidiwa lori lake, leseni ipo tayari mfukoni. Akafukuzwa palepale.

"Na mimi ningefanya nini?" alimalizia Kingpini, kama alivyomalizia siku zote. "Nilimuuliza, imeuma? Akanijibu, imeuma."

Ndani ya hadithi yote, maneno hayo ya mwisho ndiyo peke yake hayakuwa ya kweli. Isaka alilijua hilo kila alipoyatamka. Alikuwa ameyasema mara ya kwanza kwa hofu ya kupoteza kazi, na baada ya hapo kila mara ili uongo wa kwanza usionekane. Kama ungefumuka sasa, asingebaki na kitu pale bencheni, maana heshima yake yote ilikalia hapo.

ASKOFU: Ndiyo maana wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Utingo huyo.

Mwanamke wa mwisho wa benchi akaweka kikombe chini.

"Samahani baba," alisema. "Alipokujibu imeuma, alikuwa amesimama upande gani? Wako wa usukani, au wa pili?"

Lilikuwa swali dogo, la kidereva, na Kwacha alishangaa kwamba miaka yote hiyo hawajawahi kuliuliza. Wakamgeukia Kingpini.  Alitazama tela iliyopiga magoti barabarani. Askofu alitafuta methali akakosa.

"Naitwa Tumpale," mwanamke akasema. "Tumpale Zabron. Baba yuko Ileje, analima. Hadithi hii madereva wanampelekea kila wanapopita, kwamba bado unaisimulia. Hajawahi kuijibu. Akiulizwa anasema tu, mvua ilikuwa kubwa."

Isaka alihisi aibu ya miaka ishirini na sita ikimpanda yote kwa pamoja, na haikuwa na mahali pa kwenda ila mdomoni.

"Alikuwa mlangoni kwangu," alisema. "Ameloa. Anagonga mlango nisubiri achukue tochi. Nikamwambia panda, mvua hii. Hakusema imeuma. Sikumuuliza."

Leah alisimama na birika mkononi, asimimine.  Tumpale alitoa simu, akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akamkabidhi mzee. Iliita mara nne. Mtu akaitikia, sauti nzito ya mtu aliyekatizwa jembe.

— Tumpale?

— Si Tumpale. Ni Isaka.

Kwenye simu kuku walisikika.

— Isaka yupi?

— Wa Nanyala. Wako. Zabron, siku ile hukusema kitu. Hukuangalia kwa sababu nilikukataza. Nilimdanganya tajiri, na nimewadanganya watu mpaka leo asubuhi. Nisamehe.

 Kwacha alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani.

— Uko na hao watu wako wa kahawa? — Zabron akauliza.

— Niko nao.

— Basi rudia, wasikie. Anza na mvua.

Isaka akageuka, akawatazama Kwacha, Askofu na Leah mmoja mmoja, akaanza na mvua.