Sifuri za Mama Vyura

Ndugu wafiwa, majirani wa juu na wa chini ya daraja, wafanyakazi wa kituo cha utafiti, na ninyi wakubwa mliopewa viti vya mbele, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni fundi bomba, mdogo wake marehemu, tuliachiana ziwa, na familia imenituma nisome maisha yake. Karatasi mlizogawiwa mlangoni, zile zenye picha ya rangi, ziliandikwa katika ofisi ya kituo na kuchapwa hukohuko, sisi wenyewe tumeziona leo asubuhi kama ninyi, kwa hiyo msihangaike kunifuatisha kwa kidole, ninasoma hiki nilichoandika kwa mkono wangu, na pale nitakapotofautiana na karatasi nitasema.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya nne ya nyumba za wafanyakazi wa idara ya maji, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Karatasi inasema alizaliwa hospitali, wakati huo hospitali ilikuwa bado kichaka, lakini hilo ni dogo tuliache. Baba yetu kazi yake ilikuwa kusoma namba kwenye nguzo ya kupimia kina cha mto pale darajani, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na dada alikuwa akipanda mabegani kwake kila asubuhi, akajua kusoma sabini na tano kabla hajajua kusoma herufi a.

Kwa baba ndiko alikojifunza jambo moja ambalo lazima niwaeleze vizuri, maana bila hilo hamtaelewa lolote nitakalosema baadaye. Baba alikuwa akisema kwamba kwenye daftari la vipimo kuna alama mbili ambazo mtu mvivu huzichanganya, sifuri na mstari, sifuri maana yake nimekwenda, nimeangalia, hakuna kitu, na mstari maana yake sikwenda, sijui. Siku aliyoshikwa na homa alichora mstari, mkubwa wake akamwambia aandike namba ya jana maana mto hauwezi kubadilika kiasi hicho kwa siku moja, baba akamjibu kwa adabu zote kwamba mkubwa akitaka namba hiyo aiandike mwenyewe na aweke sahihi yake. Dada aliipenda sana hadithi hiyo, alitusimulia mpaka tukachoka.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza 1974, akasoma sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, akafaulu masomo ya sayansi na kuchaguliwa kuendelea. Karatasi inasema hakuendelea kwa sababu za kifamilia. Sababu hiyo ya kifamilia ni mimi. Baba alifariki Septemba 1978, mimi nikiwa kidato cha kwanza, mama akawa hana uwezo wa kusomesha wawili, dada akakata shauri kwamba nisome mimi, yeye akakaa nyumbani mwaka mmoja akifua nguo za watu, kisha 1980 akaingia chuo cha mafundi wa maabara cha miaka miwili kwa sababu kilitoa kitanda na chakula bure, nami niliyeachiwa nafasi nikaishia kidato cha tatu, nikatoroka kwenda kujifunza bomba. Hakunisema hata siku moja, aliniuliza tu kama fundi wangu ananipa chakula cha mchana.

Jumatatu tarehe 4 Januari 1982 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa mito na ardhioevu kuwa msaidizi wa utafiti, akapangiwa kinamasi kile cha chini ya daraja, ambacho vijana wa leo mnakijua kama uwanja wa vumbi. Ndani ya kinamasi kulikuwa na vigingi ishirini na vinne, na kazi yake ilikuwa kwenda alfajiri mara tatu kwa wiki, kusimama kwenye kila kigingi dakika tano bila kusogea, kutega sikio, kuhesabu vyura wanaolia kwenye matete, kupima kina cha maji kwa fimbo, kuandika, halafu kwenda kigingi kinachofuata. Wataalamu wanasema chura hukimbia kabla ya samaki na kabla ya ndege, maji yakianza kuharibika yeye ndiye wa kwanza kunyamaza, kwa hiyo anayehesabu vyura anahesabu uhai wa maji yetu sote. Majirani walimwita Mama Vyura, wengine kwa kumcheka, na watoto walikuwa wakimlilia kichura akipita, naye aliwasahihisha kwamba huyo anayelia hivyo ni dume na si wa kinamasi hiki.

Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, akiwa ndani ya maji mpaka mapajani, na kila Januari kuanzia 1984 aliandika barua kuomba mabuti marefu ya mpira, na kila mwaka alijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Watafiti waliotoka nje walikuja na mabuti yao na kuondoka nayo. Mwaka 2015, akiwa ameshaondolewa kinamasini zamani, yalikuja mabuti pea moja, namba arobaini na tano, ya kiume, na dada alivaa namba thelathini na nane. Yale mabuti mawili yaliyotiwa maua kama vyungu, mliyoyapita mlangoni, ndiyo hayo.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu hapa, seremala, ambaye alimchongea ile fimbo ya kupimia, akaitia alama kwa chuma cha moto kila sentimita, mahari ambayo dada aliisifu kuliko ile iliyoletwa kwa mama. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1986 ambaye sasa ni muuguzi, na mvulana aliyezaliwa 1989 ambaye ni dereva wa lori. Wapwa zangu, mjomba wenu ninajua mnakaribia kusikia jambo ambalo nyumbani halikuwahi kusemwa, nivumilieni.

Kuanzia mwaka 2004, baada ya mashamba ya juu kuanza kuvuta maji, vyura wa kigingi cha kumi na tano kwenda chini walinyamaza, na dada akaanza kuandika sifuri. Alisimama dakika tano zilezile, akatega sikio, akaandika sifuri, akaenda kigingi kinachofuata, sifuri, wiki hadi wiki, miaka minne. Mwaka 2008 mkuu wa utafiti, ambaye namwona hapo mbele na ninamshukuru kwa kuja, aliagiza madaftari yote yaingizwe kwenye kompyuta, akaziona zile sifuri nyingi, akasema hizo ni siku ambazo msaidizi hakwenda, akaamuru zifutwe zote. Zilipofutwa zikabaki namba za vigingi vya juu ambako vyura walikuwa bado wamejaa, wastani ukapanda, na Machi 2009 ikatoka ripoti nzuri yenye jalada la kijani ikisema kinamasi kina afya njema na kinaweza kuchimbwa mifereji bila madhara. Mifereji ikachimbwa 2010, visima vya chini ya daraja vikakauka 2012, na mimi fundi bomba nawaambia kwamba bomba halitengenezi maji, linayapeleka tu, ndiyo maana mnanunua maji ya gari mpaka leo.

Dada alipanda ngazi za ofisi kueleza tofauti ya sifuri na mstari. Alijibiwa kwa barua ya onyo, tarehe 20 Aprili 2009, kwa kosa la kutofika kwenye vigingi siku mia mbili na kumi na moja. Zile sifuri zake mwenyewe, ushahidi kwamba alikwenda, ndizo zilizotumika kuthibitisha kwamba hakwenda. Akapewa siku kumi alete shahidi.

Shahidi alikuwepo. Miezi miwili ya mwisho ya 2007 nilikuwa nikilaza mabomba ya kituo pembeni ya kigingi cha kumi na tano, nilimwona dada kila alipokuja, nilimwona akisimama ndani ya maji kama mtu aliyesahau alichofuata, na hata mimi mwenyewe nilisikia ule ukimya, nikamtania kwamba vyura wake wamegoma. Jumapili tarehe 26 Aprili 2009 alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaniomba niandike mistari miwili tu kwamba nilimwona. Wakati huo nilikuwa nimeahidiwa kazi ya mabomba ya nyumba mpya za kituo, nyumba sita, kazi ambayo sikuwahi kupata mfano wake. Nikamwambia dada achana nao, hao ni watu wakubwa, utakosa hata kiinua mgongo, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba kila mtu anajua yeye ni mchapakazi, wala haina haja ya kuandikiana. Akanywa chai, akaosha kikombe mwenyewe, akaaga. Kazi nikaipata. Choo cha nyumba ya mkuu wa utafiti nimekifunga mimi.

Tarehe 1 Juni 2009 alihamishiwa stoo, akahesabu viti na chupa miaka saba, na hapo karatasi inaposema aliomba mwenyewe kupumzishwa kazi za nje, karatasi inasema uongo. Alistaafu tarehe 14 Machi 2016, siku aliyotimiza miaka hamsini na mitano. Kinamasini hakuacha kwenda, kila Jumamosi alikwenda kwa miguu yake, bila mshahara na bila kutumwa, akasimama dakika tano kwenye kila kigingi juu ya udongo uliopasuka, akaandika.

Karatasi inasema alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Aliugua kichocho mara saba kati ya 1988 na 2006, akatibiwa, akarudi majini bila mabuti, akaugua tena. Novemba 2021 alianza kutoa damu kwenye mkojo, tarehe 9 Agosti 2022 akagundulika ana saratani ya kibofu, na daktari aliyempima aliuliza amefanya kazi gani maishani, alipoambiwa akasema ndiyo, kichocho kinachorudiarudia mwishowe huleta saratani hiyo. Alifanyiwa upasuaji Oktoba mwaka huohuo, akajikaza, mwezi Machi mwaka huu akaanguka tena, na Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, alifariki wodini, binti yake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi miwili na siku mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao waliishiwa dawa mara nyingi lakini hawakuishiwa maneno mema, inawashukuru majirani waliompikia shemeji na kumfulia mashuka, na inamshukuru dereva wa kituo aliyempeleka dada hospitali kwa gari la ofisi zaidi ya mara kumi bila kuandika safari, naomba wakubwa mjifanye hamjasikia. Ofisi tunaishukuru kwa shada la maua na kwa viti. Jana jioni mkurugenzi wa kituo alikaa sebuleni kwetu, akatupa pole, kisha akauliza madaftari yako wapi, akisema ni mali ya ofisi. Jibu ambalo jana halikutolewa ninalitoa leo mbele ya watu wote, yako arobaini na matatu, yako kwenye meza ya shemeji, mpwa wangu ameshayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na yeyote anayetaka kusoma, awe wa ofisi au mchota maji wa chini ya daraja, mlango uko wazi, atasomea hapohapo mezani. Na barua ya mistari miwili niliyoombwa nimeiandika, nimeweka sahihi, nimeibandika kwenye daftari la 2007, ikiwa imechelewa miaka kumi na mitano, na aliyeiomba hawezi kuisoma.

Nilitaka niishie hapo. Lakini juzi nilipokuwa nikiyapanga madaftari hayo nilifungua la mwaka 2009, nikatafuta siku ile, nikidhani nitakuta mstari, maana Jumapili hakuwa akienda kinamasini. Haukuwa mstari. Aliandika kwa mwandiko wake uleule mdogo, tarehe 26 Aprili, kigingi, kwa mdogo wangu, muda, dakika tano, na kwenye safu ya mwisho akaandika sifuri.

Pumzika kwa amani, dada yangu, vigingi vyote umevimaliza. Mimi amani sina, na sikuombi uniachie yako.