Juzuu ya Pili na Vitabu Vilivyokosa Wanunuzi

Risala ya Kikundi cha Wasomaji kwa Zamu, bonde la Cwm Eithin, Wales, kwa Meya Eluned Prosser

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya,

Karibu tena. Saa nne asubuhi ulitufungulia soko la vitabu la hisani, na sasa umerudi kugawa vilivyobaki kwa vikundi vya bonde hili. Sisi ni kimojawapo. Chai ipo, na keki za zabibu za mwenzetu Mair zipo. Ukizikataa hatakusamehe, nasi hatutakutetea.

HISTORIA YETU

Sisi ni wachimba makaa wa zamani kumi na wawili, na wajane wanne. Vumbi la mgodi lilihamia vifuani mwetu na halitaki kuhama. Kwa hiyo tunasoma kwa zamu: mtu anasoma kwa sauti mpaka pumzi imwishie, kisha kitabu kinapita kwa jirani. Kuna anayemaliza ukurasa, kuna wa mistari sita. Idwal Pugh akifika wa saba humwambia mwenzake, "Pokea, bwana, makaa yangu yameisha."

Shuleni tulifundishwa kunyamaza. Kusoma tulijifunza wenyewe katika maktaba ya wachimbaji, iliyojengwa kwa peni walizokatwa kwenye mishahara baba zetu, kisha sisi. Mgodi ulipofungwa, halmashauri ya wakati ule ikaifunga na maktaba. Vitabu elfu nane vilitupwa kwenye lori la taka, Alhamisi, mwaka 1989, mvua inanyesha. Hatujasahau, na hatuna mpango wa kusahau.

Tunamkumbuka pia karani kijana aliyesimama mlangoni na orodha. Idwal alipita mbele yake koti limemvimba kwa vitabu kumi na kimoja. Karani alimwona, akageuza uso, akaangalia mvua. Mheshimiwa, karani yule ulikuwa wewe. Hatukuwahi kukushukuru. Leo tunakushukuru.

MAFANIKIO

Kwa miaka sita ya kula masalia ya soko hili tumemaliza vitabu arobaini na vitatu. Mwaka jana tulipata juzuu ya kwanza ya riwaya ya mwanamke anayelinda mnara wa taa. Inaishia amesimama mlangoni, barua mkononi, hajaifungua. Tumegombana mwaka mzima kwa barua ile.

"Mume kafa," anasema Mair.

"Kafa wapi? Kaoa huko," anajibu Idwal. "We mama, kila mtu unamzika tu."

CHANGAMOTO

Soko likifungwa, lori la kiwanda cha karatasi huchagua kwanza, na vitabu vinakwenda kusagwa. Sisi tunaletewa vilivyoponea. Mwaka jana, katika maboksi manne, mawili yalikuwa ya vitabu vya kupunguza unene. Tutazame, Mheshimiwa. Tupunguze nini?

Halafu kuna la leo. Mair, anayehudumu sokoni, aliiona juzuu ya pili mezani asubuhi. Kanuni ni kwamba mhudumu hanunui hadi saa ya mwisho, na Mair hajawahi kuivunja. Akaifunika kwa vitabu vya mapishi, akaomba Mungu ikose mnunuzi. Ndipo mpiga picha akakuomba ununue kitabu chochote, apate picha yake. Uliviinua vya mapishi, ukachukua cha chini.

"Kwenye picha nimecheka," anasema Mair, "lakini moyo ulishaanguka chini ya meza."

Hatukulaumu. Ulinunua kihalali.

Idwal hayupo hapa. Tangu mwezi uliopita yuko kitandani kwake na mpira wa oksijeni puani, na daktari anamhesabia wiki, si miezi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu sivyo. Zamu yake ikifika tunalitaja jina lake, kisha tunaendelea.

MAOMBI

Kuanzia mwakani, vikundi vyote vya bonde vichague kabla ya lori. Hatuombi fadhila hapo. Vitabu vyetu vilishawahi kwenda na lori mara moja, na mara moja ilitosha.

La pili ni ombi kwelikweli. Hatutaki utuachie kitabu ulichonunua, ni chako. Tunakuomba uje nacho kesho, saa nane mchana, nyumbani kwa Idwal. Juzuu ya kwanza iko chini ya mto wake. Kiti tumeshakiweka. Umsomee mpaka barua ifunguliwe. Pumzi ikikuishia, tupo, tutapokea. Siku ile ya mvua uligeuza uso ili apite. Safari hii tunaomba umtazame.

Mungu akujalie kifua chepesi na miaka mingi. Na pumzi ya Idwal aivute, japo kwa kamba, hadi ukurasa wa mwisho.

Ni sisi, Wasomaji kwa Zamu wa Cwm Eithin.

Msomaji: Gwilym Treharne, Katibu. Atakapoishiwa pumzi, Mair Beynon atapokea.