Mlima Niliougeuza

Asifiwe Bwana aliyenivumilia, ndugu zangu. Wengi mnanijua. Mimi ni Skola wa kwaya, sauti ya pili, yule mnayemsema anacheka hata kwenye maombi. Leo sitacheka mwanzoni. Mara ya mwisho niliposimama hapa kushuhudia, niliwaambia Bwana amenipa kipaji cha picha, mkanipigia makofi mpaka mama mmoja akanivisha kanga. Nimekuja kuwarudishia makofi yenu, maana niliwadanganya.

Kwa wasioijua kazi yangu, ni hivi. Ukiwasha kompyuta, kabla hujafungua chochote, kuna picha inakupokea. Juu yake kuna alama za mafolda, kuna rangi za madirisha, kuna hata mlio wa kukusalimu. Kuna mtu hukaa akavipanga vyote hivyo vikapendana, na mtu huyo ni mimi. Nina meza yangu ghorofa ya tatu pale Kariakoo, kwenye chumba ninachochangia na dada mmoja anayeshona sare za shule. Wenye maduka wakileta kompyuta zilizotumika kutoka nje, wanazisafisha, halafu wananiita nizivalishe kabla hazijapangwa dukani.

Kazi yangu ya kwanza niliichora kwa mkono wangu mwenyewe. Mwenye duka akaitazama, akasema, "Dada, hii si ya kuuzia kompyuta, hii ya kuuzia peremende." Watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa aibu, na nilipofika nyumbani Ilala nililia kama mtoto. Tangu siku ile nikaacha kuchora. Nikawa naingia mtandaoni, nachukua picha za watu. Nasema kuchukua kwa sababu neno kuiba linanipa tabu mdomoni, lakini ndugu zangu, nilikuwa naiba. Picha ina jina la mwenyewe kule chini pembeni, nalikata. Naitia giza kidogo. Halafu naigeuza, kushoto iwe kulia, ili hata mwenyewe akikutana nayo asiitambue upesi. Nikimaliza naandika jina langu.

Na kazi zilikuja, msidhani hazikuja. Nikajiona nimetoboa. Lakini amani sikuwa nayo hata kidogo. Simu ya namba ngeni ikiita, siipokei, nadhani ni mwenye picha. Mtu akisema, "Skola, nichoree kitu hapa," naanza kutafuta udhuru, mara mkono unauma, mara nina haraka. Ukweli ni kwamba nilishaamini mkono wangu umekufa. Shetani alikuwa ameniweka mahali pabaya sana, kwenye sifa isiyo yangu.

Basi akatokea Mangi. Ni mzee wa Kilema, huko Kilimanjaro, ana duka la kompyuta mtaa wa pili kutoka kwetu, na watu wote wanamwita Mangi tu. Alikuwa amepata shule moja inayotaka chumba kizima cha kompyuta, zote zivae sura moja. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nikawaza, huyu ni mtu wa mlimani, nimpe mlima. Nikatafuta picha nzuri ya Kilimanjaro, theluji inang'aa. Tatizo, Kibo, kile kilele kikubwa, kilikaa kushoto, na alama za mafolda hujipanga kushoto, zingekifunika. Nikafanya mchezo wangu wa siku zote. Nikaugeuza mlima.

Nilimpelekea asubuhi, duka limejaa wateja. "Shikamoo Mangi." "Marahaba, binti, washa tuone." Nikawasha. Akavaa miwani. Akaitazama kona hadi kona, nikadhani amefurahi.

"Hii picha umeipiga mwenyewe?"

"Ndiyo, Mangi. Desemba nilikwenda Moshi kwenye harusi." Nilisema hivyo kwa macho makavu kabisa, mimi mwanakwaya.

"Ulisimama Moshi?"

"Pale pale mjini."

"Nionyeshe Mawenzi." Nikaonyesha kile kilele kidogo, upande wa kushoto. Mangi akavua miwani. "Mimi nimezaliwa chini ya mlima huu. Ukiwa Moshi, Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Wewe binti ulisimama upande wa pili, Kenya."

Wateja waliangua kicheko. Ndugu zangu, kila mtoto wa Moshi anajua mlima wake umekaaje kama anavyoujua mlango wa kwao, na mimi mtu wa Masasi, huko kusini, nimekwenda kumwuzia mtu wa Kilema mlima uliogeuzwa. Nilitamani sakafu inimeze. Mangi hakucheka. Akasema, "Mimi nikiuza kompyuta ambayo betri imechoka, namwambia mteja imechoka. Sasa niwawekee wanafunzi uongo, wawe wanautazama kila siku? Chukua kitu chako uende. Ijumaa nazipeleka shuleni. Ukipata cha kwako, uje. Usipopata, zitakwenda hivyo hivyo."

Nikatoka pale sijui hata natembea kuelekea wapi. Nilijikuta Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye nyasi, watu wanapita, nami nalia hadharani bila kujali. Ndipo nilipoomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Nilisema, "Bwana, mimi ni mwizi." Basi. Sikuongeza "lakini." Siku zote nilikuwa naongeza lakini. Na pale pale nikasikia kifua kimefunguka, nikapumua mpaka chini. Sikuona nuru, sikusikia sauti, nisije nikawadanganya tena. Nilipumua tu.

Sikutoka pale nikawa hodari. Jumatano nzima nilichora na kufuta, mkono mzito, kila ninachochora naona kile cha peremende. Alhamisi ikaja ile mvua, mnaikumbuka, Jangwani ikajaa maji na barabara ikafungwa. Mchana ule nimekwama ghorofani, kazi haiendi, nikaenda dirishani kutazama tu. Nikatazama chini.

Wauzaji wote walikuwa wamefungua miavuli. Nimekaa kwenye jengo lile miaka, sijawahi kuitazama kutoka juu wakati wa mvua. Miavuli mikubwa, midogo, mwekundu, wa njano, wa bluu uliotiwa kiraka cha kijani, imegusana kama sahani kwenye meza ya harusi. Na upande wa kushoto barabara ilikuwa tupu, lami nyeusi imelowa inang'aa, hakuna mtu. Pahali pa mafolda pameshaachwa. Nilisema kwa sauti, "Bwana, sihitaji kugeuza chochote." Yule dada wa sare akasimamisha cherehani kunishangaa.

Nilipiga picha kwa simu, halafu nikakaa nikaichora upya kwa mkono wangu, mwavuli kwa mwavuli. Rangi za madirisha nikazitoa kwenye ile miavuli. Mafolda nikayapa umbo la vikapu. Mkono ulikwenda, ndugu zangu. Mkono niliodhani umekufa ulikwenda kama haujawahi kusimama, na ule mchana nilicheka peke yangu kwa furaha.

Ijumaa asubuhi nikaiweka mbele ya Mangi. Akavaa miwani, akasogea karibu na kioo. "Huu wa kiraka ni wa yule muuza soksi," akasema. "Na huyu aliyejikunyata ni mama wa karanga." Akaita wenzake waje wawatafute watu wanaowajua. Halafu akaniambia, "Weka kwenye zote." Zilipowashwa zote mezani, mstari mmoja, mtaa wetu ukawaka mle dukani, na chini pembeni kuna jina langu, halali. Nilitoka nje kushukuru.

Mwenye ile picha ya mlima nilimtafuta, nikamwandikia nikamwomba msamaha. Alinijibu kwa maneno machache kwamba amesamehe. Na wateja wote niliowapa vya wizi nimeshaanza kuwapitia mmoja mmoja, navibadilisha. Wawili wamenifukuza. Mmoja amenipa kazi mpya. Yote namshukuru Mungu.

Sasa limebaki moja, nalo ndilo nililoogopa kuja kulisema hapa. Hii picha ya mawio inayomulikwa ukutani nyuma yangu, inayotupokea kila Jumapili kabla ya sifa, mliyonipigia makofi kwa ajili yake, si yangu. Naijua bila kugeuka. Dada Vumilia wa mitambo, nakuomba uiondoe sasa hivi, mbele ya watu wote.

Asante, dada. Ukuta ni mtupu, tunaona mpaka pale palipobanduka rangi, na mimi nasimama mbele yake siogopi mtu. Nawe uliyekaa hapo na kitu cha mwenzako mkononi, sifa, cheti, kazi, chochote, mwamini Bwana ukiachie. Hatakuacha mikono mitupu. Tusimame tumwimbie hivyo hivyo, bila picha.