Kumuaga Meya wa "Iko Njiani"

Mheshimiwa Meya unayetuaga, Mkurugenzi wa Manispaa, waheshimiwa madiwani, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi maseremala wenzangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha: nawasalimu nyote.

Kwanza nitazameni vizuri. Hapa mjini hakuna mwenye bahati kama mimi. Niliomba kibali cha karakana asubuhi, mchana nikawa nacho mfukoni. Wenzangu kumi na wawili wa safu yetu bado hawana, na Jumatatu tingatinga linakuja kutubomolea. Ndiyo maana wamenituma mimi niseme, nisiye na wasiwasi.

Mheshimiwa huyu nimemjua tangu akiuza vifaa vya ujenzi. Ukimuuliza, "Bosi, bawaba zipo?" hakukwambia hazipo hata siku moja. "Ziko njiani, kaka. Kaa kwanza." Unapewa kigoda, unapewa maji ya kunywa, unaulizwa hali ya mama mkwe, na ukija kushtuka umeshanunua kufuli ambalo huna hata mlango wa kulifunga. Jamani, huo si ufundi?

Basi tukampa mji, naye akauendesha vilevile. Fundi cherehani jirani yangu alimfuata kuhusu bomba lililokauka. "Maji yako njiani, dada. Kaa kwanza." Taa za stendi? Ziko njiani. Na kwa kuwa waliokaa walizidi kuwa wengi, Mheshimiwa akaagiza mabenchi. Ni manispaa gani nyingine yenye mabenchi arobaini kwenye korido moja? Niliyaranda mimi, na tangu siku hiyo halijalegea hata moja, pamoja na uzito wa madiwani.

Lakini, Mheshimiwa, wewe si mtu mbaya. Mke wangu alipofariki ulifunga duka, ukaja kushika sepetu ukiwa umevaa suti. Sijasahau. Ndiyo maana nakuomba waziwazi, mbele ya watu: leo ni siku yako ya mwisho ofisini, maombi yetu yako mezani kwako, na atakayekuja kesho hatumjui hata sura. Kalamu ninayo. Usituambie tukae kwanza.

Asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa. Na Mheshimiwa, ukianza kutia sahihi, usiishie kwenye kumi na mawili. Maombi ni kumi na matatu. Kibali sina. Nilidanganya.